Kondoo wa Mkopo: Jinsi Ben Boyd Alivyopanda na Kuanguka New South Wales

Swali: Niliondoka Mwanza miaka mitatu iliyopita na sasa naishi Sydney, mtaa wa Neutral Bay. Kila asubuhi napita barabara iitwayo Ben Boyd Road. Nimesoma kwamba huko kusini kulikuwa na hifadhi ya taifa yenye jina lake, na kwamba mwaka 2022 jina hilo liliondolewa. Huyu bwana alikuwa nani? Alipataje ardhi kubwa na kondoo wengi ndani ya miaka miwili tu, na kwa nini alianguka haraka vilevile? Na je, ni kweli aliliwa na watu wa visiwani, kama anavyosimulia jirani yangu?

Jibu: Ndugu msomaji, umeuliza maswali matatu, na mawili ya kwanza yana jibu moja. Kilichompandisha Benjamin Boyd ndicho kilichomwangusha, yaani fedha za watu wengine zilizokuwa zikidai faida kila siku, zikiwa zimetiwa katika biashara ambayo kwa asili yake hulipa polepole. Swali la tatu nitalifikia mwishoni, kwa sababu kifo chake kimesimuliwa mno kuliko hesabu zake, na mimi naona hesabu zake ndizo zenye mafunzo zaidi kwa mtu anayetaka kuelewa koloni lile.

Boyd alizaliwa Uskoti mwanzoni mwa karne ya 19, katika nyumba iitwayo Merton Hall, wilaya ya Wigtownshire. Kufikia mwaka 1824 alikuwa dalali wa hisa jijini London. Tangu hapo hadi alipokaribia umri wa miaka 40, kazi yake ilikuwa kuuza na kununua karatasi zenye ahadi. Hakuwahi kuchunga, hakuwahi kukata sufu, na sijui dalili yoyote kwamba alijifunza kazi hiyo hata alipokuwa na makundi yake mwenyewe. Alichokijua vizuri ni namna ya kumfanya mtu mwenye akiba ndogo Uingereza aone utajiri ulio mbali.

Mwaka 1840 aliandika barua kwa Waziri wa Makoloni, Lord John Russell, akieleza kuwa anataka kuendeleza rasilimali za Australia na visiwa jirani, kwa kupeleka meli za mvuke na kujenga vituo pwani. Wakati huohuo ilianzishwa benki iliyoitwa Royal Bank of Australia, ambayo mtaji wake kwa maandishi ulikuwa pauni 1,000,000. Fedha halisi zilitokana hasa na hatifungani zilizouzwa kwa umma, jumla yake pauni 200,000. Wanunuzi walidhani wanakopesha benki. Kwa hakika walikuwa wanamkopesha Boyd, kwa sababu yeye ndiye aliyezibeba fedha hizo kwenda Australia kama mwakilishi wa benki, na huko benki hiyo karibu haikufanya shughuli yoyote ya kibenki. Aliyekopeshwa na aliyeidhinisha mkopo walikuwa mtu mmoja.

Aliwasili Sydney tarehe 18 Julai 1842, akiwa ndani ya yoti yake Wanderer. Yoti hiyo ilikuwa ya chama cha kifalme cha wenye mayoti, hivyo ilikuwa na heshima karibu na ile ya manowari, pamoja na mizinga yake. Meli zake za mvuke, Seahorse, Juno na Cornubia, zilikuwa sehemu ya mpango huohuo. Pamoja naye alikuja mchoraji Oswald Brierly, ambaye baadaye alikuwa mchoraji wa mambo ya bahari wa Malkia Victoria. Jiweke katika nafasi ya wafanyabiashara wa Sydney waliosimama bandarini siku hiyo. Koloni lilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, mikopo imekauka, na mbele yao anashuka bwana mrefu mwenye yoti, benki na meli za mvuke. Hakuna aliyeuliza fedha ni za nani.

Hapa ndipo penye ufunguo wa upandaji wake, na inafaa nieleze hali ya kondoo wakati huo. Katika miaka ya 1830 bei ya sufu London ilikuwa nzuri, viwanda vya Yorkshire vilihitaji malighafi, na kila aliyekuwa na uwezo New South Wales alinunua kondoo kwa mkopo. Kisha ukaja ukame, bei ya sufu ikashuka, na mwaka 1840 Uingereza ikaacha kupeleka wafungwa New South Wales, jambo lililoondoa kazi ya bure waliyoizoea wenye mifugo. Kondoo aliyekuwa akinunuliwa kwa zaidi ya pauni moja akauzwa kwa shilingi chache, na katika baadhi ya minada ya waliofilisika aliuzwa kwa chini ya shilingi moja. Mwaka 1843 mfugaji mmoja wa Yass, Henry O'Brien, alionyesha kwamba kondoo akichinjwa na kuchemshwa kwenye masufuria makubwa ili kupata shahamu ya kutengenezea mishumaa na sabuni, ana thamani kuliko akiwa hai malishoni. Mifugo mingi sana ilichemshwa miaka ile.

Katika soko la namna hiyo, mwenye fedha taslimu ni mfalme. Boyd alizikuta fedha zake zikinunua mara kadhaa zaidi ya ambavyo zingenunua miaka minne kabla. Alinunua vituo vya mifugo kutoka kwa watu waliobanwa na wadai wao, hasa katika nyanda za juu za Monaro, ambazo wakati ule ziliandikwa Maneroo, na katika tambarare za magharibi ambazo leo huitwa Riverina. Katika barua ya tarehe 17 Mei 1844, Gavana George Gipps aliiarifu London kwamba Boyd ni mmoja wa wenye ardhi kubwa kupita wote nchini, mwenye vituo 14 Maneroo na vinne Port Phillip (wilaya ya kusini ambayo leo ni jimbo la Victoria), jumla yake ekari 381,000, mbali na vituo vingine kwingineko. Ili upate picha, eneo hilo la ekari 381,000 linapungua kidogo tu kisiwa kizima cha Unguja. Miaka miwili ilikuwa haijatimia tangu ashuke bandarini.

Lakini neno "mwenye ardhi" linahitaji tahadhari kubwa. Boyd hakuimiliki. Serikali ya koloni ilikuwa imeweka mpaka wa makazi, zile zilizoitwa Kaunti Kumi na Tisa, na nje ya mpaka huo ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya Taji, yaani ya utawala wa Uingereza. Kuanzia mwaka 1836 mtu aliweza kulipa leseni ya pauni 10 kwa mwaka na kwenda na kondoo wake nje ya mpaka, akakaa popote alipopata maji na majani. Leseni moja iliweza kufunika vituo kadhaa katika wilaya moja, hivyo mkubwa mwenye maelfu ya ekari alilipa sawa na mdogo mwenye kundi moja. Watu hao waliitwa maskwota. Sisi wa Afrika Mashariki neno hilo tunalijua kwa maana iliyogeuzwa juu chini, kwa kuwa skwota wa Kenya alikuwa Mwafrika asiye na ardhi, anayeishi kwenye shamba la mzungu kwa sharti la kumfanyia kazi. Australia neno hilohilo lilianza kama tusi kwa wavamizi wa ardhi ya serikali, na ndani ya kizazi kimoja likawa cheo cha matajiri wa sufu. Ukisoma magazeti ya huko ya karne ya 19, kumbuka tofauti hii, vinginevyo utadhani wanazungumzia maskini.

Na hiyo ardhi ya Taji nayo haikuwa tupu. Monaro ilikuwa nchi ya Wangarigo, ghuba ya Twofold Bay ilikuwa ya Wathawa, ambao ni sehemu ya taifa la Yuin, na kandokando ya mto Edward huko Riverina waliishi Wawamba Wamba. Mji wa Deniliquin uliopo hadi leo ulianza kama kituo kilichofunguliwa kwa niaba ya Boyd na wakala wake Augustus Morris, na jina lake limetokana na mzee mmoja wa hapo, aliyesifika kwa mieleka. Waliondoka na jina lake, na nchi pia wakaichukua. Leseni ya pauni 10 ililipwa Sydney, na wenyeji hawakuona hata senti moja.

Gipps alipotaka kurekebisha utaratibu huo mwaka 1844, kwa kudai leseni ya pauni 10 kwa kila kituo na kuweka ukomo wa ukubwa wake, Boyd alikuwa ndiye mwenye kuumia kuliko wengine wote, na alisimama mbele ya upinzani. Wafugaji waliunda chama chao mwaka huohuo, naye akawa mwenyekiti. Septemba 1844 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kuwakilisha Port Phillip, kisha akajiuzulu Agosti 1845. Siasa haikumpendeza sana. Nadhani aliiona kama chombo kingine cha kulinda rehani.

Sasa tuingie ndani ya biashara yenyewe, kwa sababu anguko lake limejificha humo. Zama zile hapakuwa na nyaya za kuzungushia malisho. Kundi la kondoo lilikuwa na mchungaji wake, anayelitoa alfajiri na kulirudisha jioni, na usiku kondoo walifungiwa ndani ya vizuizi vya mbao vinavyohamishika, huku mlinzi wa kibanda akikesha kwa hofu ya mbwa mwitu wa huko, dingo. Upele wa kondoo ukiingia kundi moja uliambukiza mengine. Sufu ilikatwa mara moja tu kwa mwaka, kwa mkasi wa mkono, mara nyingi baada ya kuwaosha kondoo mtoni ili uchafu na jasho vipungue. Ikafungwa katika marobota, ikavutwa na maksai kwa wiki kadhaa hadi pwani, ikapakiwa melini, ikasafiri miezi mitatu au zaidi hadi London, ikasubiri mnada. Fedha zilirudi kwa njia ileile ndefu. Mtu aliyenunua kundi leo alikuwa na bahati akiona mapato ndani ya mwaka mmoja na nusu, na hiyo ni kama hapakuwa na ukame. Wakati huo wote, mwenye hatifungani London alitarajia riba yake ifike kwa tarehe.

Mfugaji wa kawaida alikabiliana na pengo hilo kwa kubana matumizi. Aliishi kwenye kibanda cha magome, akala nyama yake mwenyewe, akaacha kundi lizaliane, na miaka mitano baadaye akawa mtu. Boyd alifanya kinyume chake. Alitaka kumiliki njia nzima, kutoka majani ya Monaro hadi bandari, na alitaka vyote kwa pamoja. Hapo Neutral Bay unapoishi alijenga maghala ya sufu na mahali pa kuioshea, ng'ambo ya maji kutoka Sydney. Kusini, kwenye ghuba ya Twofold Bay, alianzisha miji miwili, Boydtown na East Boyd, akajenga hoteli, kanisa, gati na maghala, ili sufu ya Monaro iteremke milimani na kupakiwa hapo bila kupitia Sydney. Akaongeza uvuvi wa nyangumi, akimweka Brierly msimamizi. Serikali ilikuwa na mji wake, Eden, ukingo wa pili wa ghuba hiyohiyo, na haikuwa na sababu ya kumsaidia mshindani wake. Alijenga mnara wa taa kwa mchanga-mawe ulioletwa kutoka Pyrmont, Sydney, lakini serikali haikuupa idhini ya kuwashwa, na ukabaki kuwa mahali pa kuchungulia nyangumi. Mnara ungalipo. Ukienda utasoma herufi BOYD zimechongwa juu kabisa, mahali ambapo kwa mnara wa taa pangekuwa na mwanga.

Meli ya Seahorse iligonga mwamba mwaka 1843 katika mto Tamar, Tasmania, na bima ikakataa kulipa. Wafanyakazi wa Boyd walilipwa kwa noti zake mwenyewe, ambazo thamani yake ilikuwa katika maduka yake mwenyewe. Ukiona tajiri anaanza kulipa mishahara kwa karatasi yake, jua taslimu zimeadimika.

Kilichobaki cha kubana kilikuwa kazi ya watu, na hapo ndipo jina lake lilipochafuka moja kwa moja. Mwaka 1843, mbele ya kamati teule iliyochunguza uhamiaji, Boyd, ambaye wakati huo alikuwa na wachungaji na wachunga ng'ombe zaidi ya 200, alisema wenye mifugo hawatapona mpaka mishahara ishuke hadi pauni 10 kwa mwaka pamoja na posho ya nyama na unga, bila chai wala sukari. Kwa mtu anayekaa peke yake porini na kondoo, miezi bila kuona sura ya binadamu, chai na sukari vilikuwa ndiyo anasa pekee, na sentensi hiyo ilikumbukwa na wafanyakazi kwa muda mrefu.

Wazungu hawakukubali mshahara huo, kwa hiyo Boyd akageukia visiwa vya Pasifiki. Aprili 1847 merikebu yake Velocity ilitia nanga Boydtown ikiwa na watu 65, wanaume 62 na wanawake watatu, waliochukuliwa hasa visiwa vya Lifu na Tana. Mikataba iliyoandaliwa iliwafunga kwa miaka mitano, kwa shilingi 26 kwa mwaka, nyama ratili 10 kwa wiki, suruali mbili, mashati mawili na kofia moja ya sufu. Shilingi 26 ni pauni moja na shilingi sita, yaani chini ya sehemu moja ya saba ya zile pauni 10 ambazo Boyd mwenyewe aliziita mshahara wa chini wa kumwokoa mfugaji. Karani wa mahakama pale Eden alikataa kuidhinisha mikataba hiyo kwa kuwa ilikuwa dhahiri kwamba waliotia alama zao hawakuelewa walichokubali. Msomaji ambaye babu yake alikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga ataitambua karatasi hiyo bila kutafsiriwa. Tofauti ni kwamba manamba wengi walijua angalau walikokuwa wanakwenda na siku zao zinahesabiwa namna gani.

Watu hao, waliotoka visiwa vyenye joto, walipelekwa kwa miguu bara, wengine hadi Riverina, mamia ya kilomita kutoka baharini, kuchunga wanyama ambao hawakuwahi kuwaona. Wengi waligoma. Wengi walijikusanya na kuanza kutembea kurudi walikotoka, kwa hesabu rahisi kwamba wakifuata njia hadi kwenye maji ya chumvi watapata chombo. Kabla mwaka haujaisha meli zake zilikuwa zimeleta wengine, jumla yao wote ikakaribia 200. Yakatokea madai kuwa baadhi walitekwa, na serikali ikachunguza. Baraza, kwa upande wake, lilibadilisha sheria ya mabwana na watumishi mwaka huohuo, likawatoa wenyeji wa visiwa vya Pasifiki katika watu ambao mikataba yao ingesimamiwa na mahakama. Usidhani lilifanya hivyo kwa huruma tupu. Maneno ya sheria yenyewe yaliwaita makabila ya kishenzi, na wengi waliopinga mpango wa Boyd waliogopa kuwa mishahara ya wazungu itashuka. Hata hivyo matokeo yalikuwa kwamba Boyd hakuweza tena kutumia hakimu kumrudisha mchungaji aliyetoroka. Baadhi ya watu wale walionekana wakizurura bandarini Sydney wakitafuta meli ya kuwarudisha. Wengine walipata, wengine walifia ugenini.

Wakati hayo yakiendelea, wenye hisa London walikuwa wameshachoka kusoma ripoti nzuri zisizoambatana na fedha. Walimtuma ndugu yake wa ukoo, William Sprott Boyd, kuchukua usimamizi. Ben Boyd aliondolewa kwa makubaliano yaliyomwachia meli tatu za kuvulia nyangumi, yoti yake Wanderer na vipande viwili vya ardhi huko Twofold Bay. Benki yenyewe iliingia mikononi mwa wafilisi, na hesabu zilipofungwa, wenye hisa walitakiwa kufidia pengo la takriban pauni 80,000. Ikumbukwe kuwa hisa za zama zile hazikumkinga mwenye hisa kama zinavyofanya leo. Aliyewekeza hakupoteza alichoweka tu. Aliweza kuandamwa kwa deni la benki nzima, hadi nyumba yake. Ndiyo maana nasema waliolia zaidi katika kuanguka kwa Boyd, ukiacha watu wa Lifu na Tana, hawakuwa Australia hata kidogo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wanasema wazee, lakini katika kisa hiki aliyebaki uchi alikuwa mwenye nguo.

Uliuliza kwa nini alianguka haraka. Kuna kejeli moja ya tarehe ambayo ningependa uizingatie. Mwaka 1847 serikali ya Uingereza ilitoa amri iliyowapa maskwota kile ambacho Boyd alikipigania tangu 1844, yaani mikataba ya kukodi malisho kwa miaka kadhaa, hadi 14 katika maeneo ya mbali, pamoja na haki ya kununua kabla ya wengine. Bei ya sufu ilikuwa imeanza kupona. Kufikia mwaka 1850 karibu nusu ya sufu iliyoingia Uingereza ilitoka Australia, na miaka ya 1850, dhahabu ilipogunduliwa, mfugaji wa Monaro na Riverina aliuza nyama kwa wachimbaji na sufu kwa London kwa wakati mmoja. Vituo vilevile alivyovikusanya Boyd vilitajirisha watu waliovipata baada yake. Alinunua kwa bei ya chini kabisa, mahali pazuri kabisa, kisha akashindwa. Mtu mwenye ekari hizo bila deni, na bila miji wala meli za mvuke, angehitaji tu kukaa kimya miaka minane.

Hapa wasomaji wa Kenya hunikumbusha Lord Delamere, na ulinganisho una maana kwa kiasi. Naye alipewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903, akaleta kondoo wa kigeni, na wengi wakafa kwa kuwa majani ya pale yalipungukiwa madini, jambo ambalo Wamaasai walilijua na ndiyo maana hawakuwa wakikaa hapo. Alifariki mwaka 1931 akiwa na madeni makubwa. Lakini Delamere alikuwa na mali ya urithi Cheshire ya kuweka rehani, na mkopeshaji anayeshikilia ardhi ya Uingereza huwa na subira. Mwenye hatifungani ya Royal Bank of Australia hakuwa na cha kushikilia isipokuwa kondoo asiowaona.

Nije kwenye swali la jirani yako. Oktoba 1849 Boyd aliondoka Sydney na Wanderer kwenda California kutafuta dhahabu. Hakufanikiwa. Mwaka 1851 akavuka tena Pasifiki, safari hii akiwa na wazo la kuunda aina fulani ya dola visiwani, akiwa yeye mtawala. Ukitazama hatua zake za nyuma, ni mpango uleule wa 1840 ukiwa umevuliwa benki. Tarehe 15 Oktoba 1851, akiwa Guadalcanal katika visiwa vya Solomon, alishuka asubuhi na mtumishi mmoja mwenyeji wa visiwani kwenda kuwinda ndege. Waliobaki kwenye yoti walisikia milio miwili ya bunduki. Hakurudi. Wenzake walimtafuta, wakapambana na wenyeji, wakaua na kuchoma, kisha wakaondoka. Uvumi kuwa yu hai ulienea Sydney, na mwaka 1854 safari ya kumtafuta ilirudi na fuvu lililonunuliwa huko kama lake. Walipolichunguza wakaona si la Mzungu. Kuuawa ndiyo maelezo yenye nguvu zaidi. Kuliwa ni nyongeza ya wasimuliaji, na haina ushahidi wa kuitegemeza, ingawa naelewa kwa nini iliwapendeza watu ambao hawakupenda kukumbuka Velocity.

Kuhusu jina la hifadhi, sababu iliyotolewa ni hiyohiyo ya watu wa visiwani, na madai yalitolewa na wenyeji wa asili pamoja na wazao wa waliopelekwa Australia kutoka visiwani. Jina jipya ni Beowa, ambalo kwa lugha ya Wathawa ni nyangumi muuaji. Katika ghuba ile nyangumi hao waliwasaidia wavuvi kwa vizazi kadhaa kuwasukuma nyangumi wakubwa hadi kwenye mitumbwi, na kazi hiyo iliendelea muda mrefu baada ya Boydtown kubaki magofu. Ukipata likizo, nenda ukaone; ni safari ya siku nzima kwa gari kutoka kwako.

Yoti yenyewe haikufika Sydney. Novemba 1851, ikirudi bila mwenyewe, ilijaribu kuingia Port Macquarie, ikapanda juu ya fungu la mchanga mlangoni mwa bandari, na mawimbi yakaivunja.